Jangwa Hupimwa kwa Madumu: Kweli na Si Kweli Kuhusu Ncha za Dunia

Mtu wa Muhoro, Rufiji, aliyeyaona maji ya Aprili 2024 yakiingia majumbani, mwambie kwamba mahali penye akiba kubwa kuliko zote ya maji matamu duniani, yaani Antaktika, bara la barafu la ncha ya kusini, ni jangwa. Nimelisema hili kwenye vibanda vya chai Kibiti, nimelisema kwenye boti ya Nyamisati kwenda Mafia, na jibu ni lile lile: jangwa ni Sahara, jangwa ni Arabuni, ngamia na jua kali. Theluji ni maji, na penye maji hapaitwi jangwa.

Nawaelewa. Lakini naamini watu wa Rufiji wana sababu ya kulielewa jambo hili upesi kuliko wengi, kwa kuwa wao wenyewe wanaishi kwa maji ambayo hayakunyesha kwao. Basi nimeyachukua madai ninayoyasikia mara nyingi, niyapime moja moja.

"Jangwa ni joto na mchanga." Si kweli.

Kosa hili lina historia yake. Jangwa tulilozoeana nalo sisi watu wa pwani ni la Arabuni. Kwa karne nyingi boriti za mikoko zilikatwa humu Delta ya Rufiji, zikapakiwa majahazini, zikangoja kusi kwenda Oman na Ghuba, kwenye nchi zisizo na miti ya kuezekea nyumba. Kaskazi ilipovuma majahazi yalirudi na tende, na habari za joto na mchanga. Habari zilikuwa za kweli, ila zilihusu jangwa la namna moja. Hata hiyo Sahara, mchanga umefunika kama robo yake tu. Kwingine ni mawe, changarawe na milima mitupu.

Kiswahili chenyewe kina kumbukumbu pana zaidi ya hiyo. Jangwa ni mahali patupu, pasipoota kitu. Nyuma ya mikoko kuna viwanja vyeupe vya chumvi, na wapo wanaoviita jangwa ingawa bahari huvifikia kila bamvua. Dar es Salaam kuna Jangwani, maskani ya klabu ya Yanga, na Jangwani ni bonde la Mto Msimbazi: masika ikikolea barabara hufungwa kwa sababu maji yamepita juu yake.

Wanajiografia hupima jangwa kwa kinachoanguka kutoka mbinguni. Kipimo kinachotumika sana ni milimita 250 kwa mwaka. Chini ya hapo ni jangwa, liwe la joto au la baridi. Milimita moja ya mvua maana yake ni lita moja ya maji kwenye kila mita ya mraba. Piga mstari uani, mita moja kwa mita moja, kisha hesabu kwa madumu ya lita 20, haya haya tunayochotea maji. Kibiti na Delta kwa kawaida hupata kati ya milimita 800 na 1,200 kwa mwaka, yaani madumu 40 hadi 60 kwenye kile kijieneo chako. Mpaka wa jangwa ni madumu 12 na nusu. Antaktika, ukiyeyusha theluji yote inayoanguka kwa mwaka na kuigawa sawasawa bara zima, inapata kama milimita 150, ambazo ni madumu saba na nusu. Ukiingia ndani, kwenye uwanda wa juu wa katikati, kuna maeneo yasiyofikisha milimita 50. Hayo ni madumu mawili na nusu, na mwaka umekwisha.

Antaktika ina eneo la kilomita za mraba milioni 14 hivi. Sahara ina milioni 9 na kidogo. Kwa kipimo cha mvua, jangwa kubwa kuliko yote duniani limefunikwa na barafu.

"Barafu yote ile haiwezi kuwapo bila theluji kuanguka kwa wingi." Si kweli.

Fikiria Rufiji. Maji yanayofurika Muhoro hayakutoka kwenye mawingu ya Muhoro peke yake. Bonde la mto huu ni kama kilomita za mraba 177,000. Kilombero unashusha maji ya Udzungwa na nyanda za Njombe, Luwegu unatoka kusini, Ruaha Mkuu unatoka Mbeya na Iringa, na yote hayo yanapita kwenye mlango mmoja kabla ya kutawanyika Delta. Wakulima wa bondeni wanalijua hili kuliko mtaalamu yeyote. Aliye juu ya dungu akilinda mpunga wake anaweza kuona maji yakipanda siku ya jua kali, anga safi haina hata wingu, kwa sababu mvua ilinyesha siku nyingi zilizopita huko juu. Maji yakirudi mtoni, anapanda mahindi ya mlao kwenye tope yaliloliacha. Shamba lake linanyweshwa na anga la watu wengine.

Kwa hiyo maji unayoyaona mahali si ushahidi wa mvua ya mahali hapo. Rufiji hupokea maji yaliyosafiri masafa marefu. Ya Antaktika yamesafiri miaka.

Kule hali ni ya kibubu kisichovunjwa. Kila mwaka inadondoshwa sarafu moja ndogo, na hakuna anayeitoa, kwa kuwa baridi haiachi theluji iyeyuke. Miaka mia, sarafu mia; lakini kibubu hiki kimeanza zamani mno. Mwaka 2004 watafiti wa Ulaya walimaliza kutoboa barafu ya uwanda wa juu, mahali paitwapo Dome C, na kutoa nguzo ya barafu ambayo tabaka zake zinarudi nyuma miaka 800,000. Kwa wastani barafu ya bara lile ina unene wa kilomita mbili hivi, na humo mna karibu asilimia 70 ya maji matamu yote ya dunia. Ukiitazama akiba utaona utajiri. Ukiuliza kipato cha mwaka, ni madumu saba na nusu.

"Baridi huleta mvua." Si kweli, na hapa ndipo nataka tukae.

Tunasema hivyo kwa sababu masika hupoza hewa, na mtu akijifunika kanga mabegani asubuhi ya Aprili anaona kama baridi ndiyo iliyotangulia. Mvua ndiyo iliyoleta ubaridi. Kazi halisi ya baridi unaweza kuiona kwenye meza ya kibanda chochote.

Nunua chupa ya maji iliyotoka kwenye friji, stendi ya Kibiti, saa saba mchana, wakati mabasi ya Lindi na Mtwara yamesimama na wauza korosho wanakimbilia madirisha. Ipanguse kwa leso mpaka ikauke kabisa, uiweke mezani. Kwa muda mfupi tu ubavu wake unapata ukungu. Kisha vinatokea vitone, vidogo kama vichwa vya sindano. Viwili vinaungana, cha tatu kinavipokea, tone linakuwa zito na kuteremka, likiacha njia nyembamba nyuma yake, mpaka chini ya chupa pametokea duara la maji. Chupa haivuji. Maji yale yalikuwa hewani, yakikuzunguka bila kuonekana. Hewa iliyogusa chupa ilipoa, na ilipopoa ikashindwa kuyabeba.

Hewa ya nyuzi 30 inaweza kubeba hadi gramu 30 hivi za mvuke kwenye kila mita ya ujazo. Ikishuka hadi nyuzi sifuri, uwezo wake ni gramu 5. Ikifika nyuzi 20 chini ya sifuri imebaki gramu 1. Katikati ya Antaktika nyuzi 50 chini ya sifuri ni jambo la kawaida, na tarehe 21 Julai 1983 kituo cha Vostok kilipima nyuzi 89.2 chini ya sifuri. Hewa ya nyuzi 50 chini ya sifuri haiwezi kubeba hata sehemu ya kumi ya gramu.

Ndiyo, baridi hukamua maji hewani. Lakini kinachokamuliwa lazima kiwe nacho. Kila aliyewahi kukaa kwenye mbuzi anajua: nazi ikikunwa na kukamuliwa, tui la kwanza ni zito, la pili jepesi, na baada ya hapo umeshika machicha, ukamue mpaka mikono iume. Hewa ya kwetu, iliyopita juu ya bahari ya joto, ndiyo nazi mbichi. Tui lake zito linaangukia huku huku kwenye nchi za joto. Linalofuata linaangukia njiani, Ulaya, Marekani, na juu ya bahari za kusini zenye mawimbi makubwa. Hewa inayofika nchani ni machicha.

Na kuna jambo la pili. Mvua huhitaji hewa ipande juu, ipoe, ifanye mawingu. Juu ya ncha, hewa ya baridi ni nzito na huzama. Hewa inayozama haifanyi mawingu. Ni sababu ile ile inayoikausha Sahara: huko pia hewa iliyopanda kwenye ukanda wetu wa ikweta, ikaacha mvua yake, inashuka kavu. Majangwa haya mawili, moja la kuunguza na jingine la kugandisha, yanakauka chini ya anga lenye tabia moja.

"Mbona picha zinaonyesha dhoruba za theluji siku nzima?" Dhoruba ni kweli, theluji mpya ni kidogo. Upepo unaoteremka kutoka uwanda wa juu kuelekea pwani ya Antaktika una nguvu za kutisha, na huinua theluji ya zamani na kuihamisha. Kwenye barabara ya vumbi gari likipita unaweza usione mkono wako, na hakuna udongo mpya uliokuja kijijini.

"Kuna mabonde kule hayajapata tone kwa miaka milioni mbili." Nusu kweli.

Dai hili linapendwa sana, na limeongezwa chumvi. Linahusu Mabonde Makavu ya McMurdo, eneo la kilomita za mraba 4,800 hivi ambalo karibu halina barafu: mawe, changarawe na udongo ulioganda. Theluji huanguka huko, kidogo sana, karibu kila mwaka. Lakini upepo mkavu huinyanyua, au huigeuza mvuke moja kwa moja bila kupitia hali ya maji, kabla haijafaa kitu.

Mpelelezi Mwingereza Robert Scott na wenzake waliingia mle mwezi Desemba 1903, na ndani ya bonde, mbali na bahari, wakakuta mifupa ya sili. Mizoga ya sili iliyopatikana mle imekaa mamia ya miaka, mingine zaidi, bila kuoza. Ngozi imekazana juu ya mbavu, meno yako mahali pake. Anayejua ng'onda ataelewa mara moja kilichotokea. Samaki aliyepasuliwa na kuanikwa kwenye uchaga Nyamisati anakauka kwa jua na upepo, na tunaharakisha kwa chumvi ili asiharibike. Kule upepo peke yake umetosha, na baridi ikasaidia.

Mle mle kuna mto, Onyx, wenye urefu wa kilomita 30 hivi, mrefu kuliko mito yote ya Antaktika. Hutiririka wiki chache za kiangazi tu, jua linapoyeyusha barafu. Nao huiacha bahari nyuma yake, ukaingia ndani hadi Ziwa Vanda na kuishia humo. Mtu aliyekulia kando ya Rufiji, anayejua kwamba mto unakwenda baharini na kugawanyika mikono, ana haki ya kushangaa.

"Ncha zote mbili, kila mahali, ni jangwa." Hapana, si kila mahali. Rasi ya Antaktika inayochomoza kuelekea Amerika ya Kusini hupata theluji nyingi, na kusini mwa Greenland kuna pwani zinazonyeshewa kuliko Kibiti. Jangwa la Aktiki liko kaskazini zaidi, kama vile Peary Land, ncha ya juu kabisa ya Greenland. Kisha kuna tundra, inayotia ugumu kwenye hesabu yangu ya madumu: hupata mvua kidogo kama nusu jangwa, lakini kiangazi imejaa madimbwi na mbu, kwa kuwa ardhi ya chini imeganda na maji hayana pa kwenda, na baridi haiyakaushi. Kwa sababu hiyo wapo wataalamu wasiokubali kuita mahali jangwa kwa mvua peke yake. Wanataka kujua pia ni kiasi gani hukauka. Naona wana hoja. Hata kwa kipimo chao, Mabonde Makavu hayaponyoki.

"Tanzania haina jangwa la barafu." Si kweli. Linaonekana kutoka Moshi, asubuhi anga ikiwa safi.

Panda Kilimanjaro ukihesabu madumu. Kwenye msitu wa upande wa kusini, katika mwinuko wa mita elfu mbili na ushei, mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka: zaidi ya madumu 100, karibu maradufu ya Delta. Miti imevaa kuvumwani kama ndevu, njia ni tope. Ukivuka mita 3,000 miti inafupika, kisha inakwisha. Ukivuka mita 4,000 umeingia jangwani: majivu ya volkano, mawe, kuvumwani iliyong'ang'ania upande wa kivuli, na karibu hakuna kingine. Jua la mchana linachoma ngozi, usiku ardhi inaganda. Kileleni, mita 5,895, kinachoanguka kwa mwaka ni kama milimita 200. Madumu kumi. Chini ya mpaka.

Wapagazi hawahitaji kuelezwa haya. Kambi ya Barafu iko mita 4,673, na haina maji. Maji ya kupikia na kunywa hubebwa kutoka bonde la Karanga, mtu na mzigo wake, saa kadhaa za kupanda. Hali ni hiyo hiyo kwenye kambi ya Kibo, njia ya Marangu, ambako maji ya mwisho yameachwa mbali nyuma. Wanalala chini ya barafu inayong'aa na kunywa kwa kipimo.

Hapo hapo lianguke na dai jingine: kwamba barafu ya kilele cha Kibo ndiyo inayojaza mito ya Kilimanjaro. Sehemu kubwa mno ya maji ya mlima hutoka kwenye msitu, kule kwenye madumu 100. Barafu imepungua kutoka kilomita za mraba 12 hivi mwaka 1912 hadi chini ya 2 karne hii, na inauma kuiona ikiondoka. Lakini anayeogopea mifereji ya Wachaga na Mto Pangani, auogopee msitu kwanza. Kwenye barafu yenyewe, watafiti wameonyesha kwamba ukavu wa anga una mkono mkubwa: theluji mpya haitoshi, na jua huichukua ya zamani ikawa mvuke.

Mmisionari Johannes Rebmann alipoeleza kwamba mwaka 1848 aliona theluji kwenye mlima huu, msomi mmoja wa London, William Cooley, alikataa katakata kwa miaka mingi. Kwake, nchi ya joto haingeweza kuwa na barafu. Sisi tunaokataa kwamba nchi ya barafu ni jangwa tumekaa naye benchi moja.

"Aliyezungukwa na maji hawezi kukosa maji." Hili limenigusa zaidi ya yote, kwa kuwa jibu lake liko nyumbani.

Mwaka 1898 Mjerumani Andreas Schimper, aliyekuwa ameitafiti mikoko ya Asia, alichapa kitabu kikubwa kuhusu mimea ya dunia. Humo alieleza kwamba mahali panaweza kuwa na maji tele na bado pakawa pakavu kwa mmea, ikiwa mmea hauwezi kuyanywa. Kwenye fungu hilo aliweka ardhi ya baridi kali pamoja na ardhi ya chumvi. Ncha za dunia na Delta ya Rufiji, kwenye ukurasa wa wazo moja.

Ingia mkondo wowote Salale, humu Delta, maji yakiwa yametoka. Chuma jani la mchu, mti mmojawapo wa kundi la mikoko, lipeleke kwenye mwanga. Ni nene, gumu, chini yake jeupe kama limepakwa unga, jani la mmea unaobana maji. Juu yake kuna chembe zinazometa. Nimelilamba: ni chumvi, kali. Mchu unayanywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kwa majani. Mkoko unafanya vingine. Mizizi yake huizuia sehemu kubwa ya chumvi mlangoni. Yote miwili imesimama majini mpaka kiunoni na inaishi kwa ubahili wa mti wa jangwani. Nyuma yao, mahali ambapo bahari hufika siku za bamvua tu na jua kukausha kilichobaki, chumvi inazidi hata kwa mchu. Hapo ndipo ule uwanda mweupe unapoanza.

Watu nao wanaishi kwenye ukame huo. Mwishoni mwa kiangazi mto unapokonda, bahari hupanda ndani ya mikondo, visima vifupi vya visiwani vinageuka, chai inakuwa na ladha ya chumvi. Ndipo mitumbwi inapotoka alfajiri kufuata maji matamu juu ya mto, ikipishana na maji kote kushoto na kulia, na madumu matupu ya lita 20 yamefungwa kamba ili yasipeperuke. Yakirudi yamejaa, mtumbwi umezama mpaka karibu na ukingo, na mpiga kasia anakwenda polepole, macho kwenye vifuniko.